Zulia Chini ya Maji

Jumatatu, 1 Machi 1954

Leo ni miaka miwili, miezi mitano na siku tisa tangu nilipotoka Kiomboi, Iramba. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema naambiwa ninyamaze, na nikinyamaza mgongo unauma zaidi. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne. Herufi zangu ni mbaya lakini ni zangu.

Naitwa Msengi. Nipo kwenye shamba la kahawa la Mzungu, juu ya Usa, chini ya mlima Meru. Kazi yangu ilikuwa kupogolea mibuni. Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye ngazi, nikaumia mgongo, wakanihamishia nyumba kubwa kuchota maji na kutunza sanduku la samaki.

Sanduku lenyewe ni la kioo. Linakaa barazani, linameza madebe manne ya maji. Ndani mna samaki tisa wekundu, wadogo kama maharage. Nyuma kuna majani marefu, hayo hayana shida. Shida iko mbele. Bibi, mke wa Mzungu, anataka pale mbele, chini kabisa juu ya mchanga, majani mafupi yaliyotandaa kama zulia, mafupi kuliko kidole cha mtoto, ili samaki waonekane wakipita juu yake. Ameona picha kitabuni. Majani hayo yanatoka Ulaya kwa ndege mpaka Nairobi, yamefungwa kwenye karatasi iliyolowa. Mara tatu yamekuja na mara tatu yamekufa. Mtu wa kwanza kutunza sanduku alifukuzwa. Mimi ni wa pili.

Sasa niandike jambo linalonikosesha usingizi. Mkataba wangu unaisha Septemba. Niliutia sahihi mara ya pili kwa ujinga wangu: karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nikadhani natia sahihi ya kuondoka. Juzi nimepata barua ya mke wangu Zipora, ameandikiwa na mwalimu. Binti yetu alizaliwa nikiwa nimeshaondoka. Ana miaka miwili na hajabatizwa, maana Zipora amekataa apewe jina bila baba yake. Anamwita Huyu. Huyu amekula, Huyu amelala. Mchungaji amechoka kungoja. Amesema Jumapili tarehe 18 Julai atambatiza, na kama sipo, kaka yangu Mpinga atasimama na kumpa jina. Mpinga ana mbwa wanne na wote amewaita Simba. Simtaki mtu huyo karibu na jina la mwanangu.

Nimemwomba Bwana ruhusa ya Julai. Tunamwita Bwana Mluzi, kwa sababu mluzi wake hufika kabla yake. Akasema, "Siku zulia la Bibi kuwa kijani, wewe pata barua." Kuondoka bila barua ni utoro, na mtoro hufuatwa na askari.

Basi ndivyo ilivyo. Kati yangu na mtoto wangu wamesimamisha majani mafupi. Nitayaotesha.

Jumatano, 3 Machi

Joto. Mlima uko wazi mpaka kileleni. Jani la mwisho la Ulaya limekuwa kama karatasi iliyotafunwa.

Jumanne, 9 Machi

Sadoki ni mpishi wa nyumba kubwa. Ndiye rafiki yangu wa kwanza hapa. Baba yake alikuwa kibarua, na yeye alizaliwa shambani humu humu. Akicheka huziba mdomo kwa mkono, na leo nimemwuliza kwa nini.

"Huoni meno yangu?" akasema. Ni ya rangi ya chai iliyokolea.

"Yamefanya nini?"

"Yamekunywa maji, Mnyiramba. Wewe ulikuja na meno yako tayari yameota, ndiyo maana unacheka ovyo."

"Maji gani?"

"Ya chemchemi ile ile unayoteka kila siku. Sisi tuliokulia kwayo wote tuko hivi. Yana magadi. Maharage yanaiva upesi, lakini chai ina ladha ya sabuni. Bwana anasema ni maji safi kuliko yote kwa sababu yanapita kwenye bomba."

Nimekaa na neno hilo siku nzima. Maji yanayoharibu jino la mtoto yatashindwaje na jani? Jioni nilizunguka kambi nikitazama watu midomoni kama mnunuzi wa punda. Waliozaliwa hapa wote ni kahawia. Ila asubuhi huja mlango wa jikoni mama mmoja Mmeru, Tabitha, anayeuza ndizi. Huja na wanawe wawili, na meno ya wale watoto ni meupe kama maziwa. Kesho nitamwuliza wanakunywa nini.

Jumamosi, 13 Machi

Wanakunywa mfereji wao. Unatoka juu msituni, hauchanganyiki na chemchemi. Leo nilipotoka kazini mchana nilipanda kwa Mama Tabitha na debe. Kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa, wote wa kupanda. Migomba yake inapakana na kahawa ya Bwana. Yeye ni mmoja wa Wameru waliohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki zaidi ya miaka miwili iliyopita ili ardhi wapewe Wazungu, na hasemi habari hiyo ila mara moja moja, akimenya ndizi, kama mtu anayetema mbegu.

Shemeji yake Aminieli ndiye msimamizi wa mfereji. Alinikuta nimeinama na debe.

"Wewe ni wa nani?"

"Shikamoo, mzee. Natoka shambani kwa Bwana."

"Marahaba. Bwana wako ana bomba. Anataka na hiki kidogo chetu?"

"Bwana hajui kama niko hapa. Ni kwa ajili ya majani ya samaki."

Alimtazama Tabitha. "Huyu ana homa?"

"Hana homa, shemeji. Anataka kwenda kubatiza mtoto wake." Nilikuwa nimemweleza yote tukienda mferejini, na alilieleza jambo langu kwa maneno machache kuliko mimi.

Aminieli akasema anayetaka maji yao huja na jembe siku ya kusafisha mfereji, awe mgeni au mwenyeji, na kwamba siku hiyo ni Jumamosi ijayo. Tena nisilete debe lenye masizi. Nikakubali. Mgongo wangu haukuulizwa.

Jumamosi, 20 Machi

Nimechoka mpaka kope. Tulikuwa wanaume kama thelathini kwenye mfereji, kila mtu na hatua zake kumi na mbili. Kazi ni kukwangua kando na chini, kutoa tope na magugu ili maji yakimbie kabla ya masika. Hatua zangu kumi na mbili zilikuwa na gugu linalotambaa. Mzizi wake ni kama uzi, unapita chini ya tope na kila nusu kidole unatoa kijani chake. Nje ya maji jani lake lina vipande vinne, kama msalaba. Lakini mahali lilipozama ndani ya maji lilikuwa fupi sana, limelala, limefunika tope lote kama mkeka.

Nikasimama na jembe hewani.

"Mnyiramba amekutana na nyoka," mtu akasema.

"Gugu hili linaitwaje?" nikauliza.

"Linaitwa tupa huko," akajibu Aminieli. "Kila mwaka tunalikwangua, kila mwaka lipo. Ukilipenda lichukue lote, utakuwa umetusaidia."

Nimerudi na debe la maji kichwani na gunia la magugu begani. Wazungu wanaleta majani kwa ndege, na hapa watu wanayatupa kwa jembe.

Jumatatu, 22 Machi

Nimepanda. Bibi alikubali kwa sababu sanduku lilikuwa tupu mbele na hana kingine mpaka kifurushi kipya kije. Niandike jinsi nilivyofanya, nisije nikasahau. Nilimwaga maji ya chemchemi yote. Nilipanda mlimani mara nne na debe. Nikaosha mchanga mweusi wa mto mpaka maji yakatoka bila rangi, chini yake nikaweka tope la mfereji unene wa kidole. Magugu mazuri yaliyozama niliyakuta yamepondwa na majembe, hayakufaa, ikabidi nitumie yale ya kando yenye vipande vinne. Nikayakata vipande vidogo, kila kimoja na mzizi wake. Nikachonga kibanio cha mwanzi, nikavichomeka kimoja kimoja, umbali wa kidole, mpaka ncha tu ikabaki juu ya mchanga. Ukiviacha juu juu samaki huving'oa. Ilinichukua toka asubuhi hadi saa tisa, nimepiga magoti.

Nyapara Melkizedeki alisimama nyuma yangu muda mrefu. Huyo ni Mchaga wa Machame, ana fimbo na saa ya mfukoni, na simpendi. "Mwanaume mzima," akasema, akaenda zake.

Jumanne, 30 Machi

Mvua imeanza. Mlima hauonekani.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua. Majani yanalegea. Vile vipande vinne vinageuka njano, kisha vinakuwa kama kamasi. Naviokota kwa kibanio kabla Bibi hajaamka.

Alhamisi, 8 Aprili

Mvua. Robo tatu yameoza. Sadoki ananipikia uji bila kuniuliza kitu, na Sadoki asiyeuliza ni ishara mbaya. Lakini nimepiga magoti mbele ya kioo nikaona kitu upande wa kushoto, mzizi mmoja unashuka ndani ya mchanga. Ni mweupe kama uzi mpya. Kitu kilichokufa hakishushi mzizi.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nije huku. Niandike kama lilivyokuwa.

Saa mbili Bibi alitoka barazani na kikombe chake. Akainama. Akasema, "Msengi, hii kufa. Toa yote. Ingine nakuja Alhamisi toka Nairobi."

"Haijafa, Bibi."

"Mimi naona kufa."

"Bibi anaona majani. Tazama mizizi." Nikamwonyesha kwa kidole pale kwenye kioo. Sasa ilikuwa minne, yote myeupe. Akatazama, na nadhani aliiona, kwa maana alikishusha kikombe. Hapo mluzi ukaja kutoka upande wa stoo, na nyuma ya mluzi Bwana. Bibi akamwambia kitu kwa Kiingereza. Mluzi ukakatika.

"Toa," Bwana akasema.

"Sitatoa, Bwana."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Sadoki alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo, akakishika kwa mikono miwili.

"Wewe sema nini?"

"Nimesema sitatoa. Jani hili lilikua kwenye hewa. Likizamishwa linaacha majani ya zamani na kutafuta mengine ya majini. Mbuni nikiukata mpaka kisiki unakaa wiki nyingi kama kuni, na Bwana mwenyewe alinifundisha nisiung'oe. Alisema ngoja, mzizi uko hai. Nimengoja mibuni elfu ya Bwana. Bwana angoje jani langu moja."

Niliona maneno yamemfikia. Ndiyo maana alikasirika. Mtu asiyeelewa hucheka, aliyeelewa na hataki ndiye anayekuwa mwekundu.

"Mbuni ni mbuni," akasema, akamwita Melkizedeki. Nyapara akaja, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono majini na kung'oa yote. Mizizi yangu minne nayo. Hakunitazama. Mchanga ukainuka, maji yakawa kama kahawa, samaki hawakuonekana tena.

"Na barua yangu, Bwana?"

"Barua gani?"

Nimerudishwa kwenye kahawa. Kesho napanda ngazi ile ile.

Jumatano, 14 Aprili

Leo baada ya kazi nilikwenda kwenye shimo la majivu nyuma ya jiko kutafuta magugu yangu. Sikuyakuta shimoni. Niliyakuta pembeni, chini ya mti, yamewekwa ndani ya gunia lililoloweshwa, mdomo umekunjwa vizuri. Sadoki anaapa si yeye. Mungu ambariki aliyefanya hivyo, hata kama ni mlevi aliyekosea shimo.

Nyuma ya banda la injini walitupa chupa kubwa ya kioo, ile ya betri za taa, ina ufa kwenye mdomo. Inafika gotini. Nimeiweka upande wa mashariki wa kibanda changu, jua la asubuhi linaifikia. Tope la mfereji, mchanga mweusi, maji ya mfereji, magugu. Walisema nitoe, nimetoa. Hawakusema nisipande.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Mvua tangu usiku. Niliimba kanisani na watu wa Mama Tabitha. Nyimbo ni zile zile za kwetu, maneno kidogo tofauti.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua. Kwenye chupa, jani la kwanza jipya. Halina vipande vinne, lina kimoja tu, cha mviringo, juu ya kijiti kifupi kuliko ukucha. Nililitazama mpaka nikachelewa foleni ya asubuhi. Melkizedeki alinitazama, akatazama saa yake, akapita. Sijui ananiwekea nini.

Jumatatu, 17 Mei

Majani kumi na saba. Kipande kimoja kimoja, yote yamelala chini. Siku za mawingu mengi yananyoosha shingo kutafuta mwanga. Hayo nayakata kichwa kwa wembe, na yakikatwa yanatambaa pembeni. Ni kazi yangu ile ile ya mibuni, imefanywa ndogo. Sadoki anasema kifurushi cha nne cha Ulaya kiko sandukuni, kimepewa maji ya bomba, na Bibi anakitazama kila saa. Sikumwuliza zaidi.

Jumapili, 6 Juni

Mvua imekwisha, ukungu umeshika. Baridi inaingia mfupani. Mchanga hauonekani tena kwenye chupa. Mama Tabitha alishuka kutoka kanisani kuja kuona. Alichuchumaa na gauni lake la Jumapili.

"Kwa hiyo hili ndilo gugu letu."

"Ndilo, Mama."

"Miaka yote tunalipiga jembe, kumbe lilikuwa linataka mtu wa kulitazama." Kisha akaniuliza, "Utawapa?"

"Barua kwanza."

"Hivyo hivyo. Sisi tulipewa maneno tu, ardhi ikaenda."

Jumatano, 16 Juni

Kifurushi cha nne kimekufa. Wageni wa Bibi wanakuja Jumamosi tarehe 10 Julai, wanawake wa klabu ya bustani kutoka mjini. Ameshawaahidi zulia. Sadoki anasema jana alilia. Nilijaribu kufurahi nikashindwa. Hata hivyo sikwenda kumwambia.

Jumanne, 22 Juni

Sadoki amewaambia. Nilikula uji wake, nikampa siri yangu, akaipeleka jikoni kama kuku aliyechinjwa. Anasema Bibi alikuwa akilia tena na mdomo ukamponyoka. Labda. Nimeona pia ana koti jipya.

Jioni Melkizedeki alikuja kibandani na amri ya kukagua mali ya shamba. Alipindua blanketi, akafungua sanduku langu la bati, akakuta daftari hili. Akasimama mlangoni akasoma kwa sauti, watu wa kambi wakisikia: "Huyo ni Mchaga wa Machame, ana fimbo na saa ya mfukoni, na simpendi." Wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Akaendelea kufungua kurasa, lakini hizo alizisoma kimya. Alisoma muda mrefu. Alipofika mwisho akalifunga akanirudishia.

"Penseli ni yangu," akasema.

Nikampa. Sasa naandika kwa mkaa uliochongwa, ndiyo maana mikono imechafua ukurasa.

Jumatano, 23 Juni

Wamekuja wote, Bwana, Bibi na nyapara. Kambini, kwa miguu, kwenye tope. Bibi alipiga magoti mbele ya chupa kama mimi nilivyopiga magoti kwake Machi. Ilikuwa saa tatu, jua limeingia ndani ya maji, zulia limejaa pande zote, fupi, kila jani kama shilingi ya kijani.

"Chupa ni mali yangu," Bwana akasema. "Melkizedeki, chukua."

"Ni kweli, chupa ni ya Bwana," nikasema. "Nitairudisha ikiwa safi, kama inavyotakiwa." Nikaikumbatia, nikaiinamisha. Maji ya kwanza yakamwagika miguuni pangu. "Tope ni la mfereji wa Wameru. Maji ni yao. Gugu ni lao, nimelilipia kwa jembe. Kioo ni chako, Bwana."

"Ngoja," Bibi akasema. "Msengi, ngoja."

"Nangoja tangu Machi, Bibi."

"Nitaichukua kwa nguvu," Bwana akasema, "na wewe kwenda kwa polisi."

"Bwana anaweza. Halafu nani atapanda? Mtu wa kwanza kafukuzwa, ndege imeleta mara nne. Nikienda polisi, majani haya yatafika tarehe kumi yakiwa kamasi. Nataka barua. Niondoke tarehe kumi na moja Julai, nirudi tarehe kumi na tano Agosti nimalize mkataba. Iandikwe kwa Kiswahili, niisome mwenyewe."

Bwana akaondoka bila mluzi. Baada ya saa moja Melkizedeki akaleta barua. Kiswahili kizuri, mhuri, sahihi. Nikaisoma mara mbili. Ilisema niondoke tarehe ishirini Julai.

Tarehe ishirini mtoto wangu atakuwa na jina la mbwa.

Nikamrudishia. "Mwambie hapana."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alhamisi, 24 Juni

Kimya. Ukungu.

Ijumaa, 25 Juni

Kimya. Nimekata vichwa vya majani marefu.

Jumamosi, 26 Juni

Nimelala karibu na chupa. Nimeweka jiwe kando yake. Wakija kuichukua nitaivunja mwenyewe, na Septemba nitaenda nyumbani nikiwa mtu aliyechelewa lakini hakuibiwa.

Jumatatu, 28 Juni

Barua ninayo. Tarehe kumi na moja Julai. Nimeishona ndani ya koti.

Ameileta Melkizedeki jioni hii. Alikaa kwenye kigoda changu bila kuombwa, fimbo akaiweka chini.

"Bibi aliandika tarehe," akasema, "na Bwana alitia sahihi baada ya siku nne za kula chakula peke yake. Hiyo ni kazi ya Bibi, usinishukuru mimi."

"Sikukushukuru."

"Najua. Unaandika vibaya habari zangu." Akatazama chupa. "Kwetu Machame tuna mifereji tangu kabla babu wa Bwana huyu hajazaliwa. Gugu hili nimelikwangua tangu nikiwa na urefu wa jembe. Siku ile niliponyoosha mkono ndani ya maji niliisikia mizizi. Ilikuwa inashika."

Nilimtazama. "Gunia."

"Lilikuwa gunia bovu," akasema. "Lisingefaa kahawa."

"Lakini uliyang'oa."

"Niliyang'oa. Nina watoto sita. Wewe ulisema sitatoa, na ukarudi kwenye ngazi. Mimi nikisema sitatoa, narudi wapi?" Akainuka. Mlangoni akatoa penseli mfukoni, akaiacha juu ya kigoda.

Nimeandika ukurasa huu kwa penseli. Yaliyo nyuma siyafuti, maana siku zile ndivyo nilivyomwona.

Jumatano, 30 Juni

Nimehamisha zulia. Nililikata vipande vya mraba kwa kisu, pamoja na tope lake, kama fundi anavyokata bati, nikavilaza mbele ya sanduku ubavu kwa ubavu na kujaza mchanga kwenye nyufa. Maji ya mfereji, madebe manne. Sadoki alibeba mawili bila kuambiwa. Tulipofika akasema, "Koti ninalirudisha."

"Livae," nikasema. "Baridi kali." Sijamsamehe, ila sikutaka aone baridi.

Jumapili, 4 Julai

Yameshika. Hakuna lililooza.

Jumamosi, 10 Julai

Wanawake wanane wenye kofia. Mmoja alipiga magoti na soksi zake. Samaki wekundu walipita juu ya kijani kama Bibi alivyotaka. Bibi akasema maneno mengi, wakapiga makofi. Sadoki, aliyekuwa akigawa keki, akaninong'oneza, "Anasema ni kazi yake ya miezi minne, na siri yake ni uvumilivu."

"Mwache," nikasema. Nilicheka wazi, bila kuziba mdomo. Barua yangu ilikuwa kwenye koti.

Wageni walipoondoka Bibi alikuja nyuma, jikoni, mahali ambapo haji.

"Msengi, wewe kwenda, hii nakufa?"

"Haifi, Bibi, ikipewa maji ya mfereji. Yale ya bomba yanaiua. Nilisema Machi, nikasema Aprili."

"Basi Sadoki lete maji ya mfereji."

"Halichukuliwi debe bure kule. Siku ya kusafisha mfereji mtu wa nyumba hii lazima aende na jembe, apewe hatua zake kumi na mbili."

"Bwana hapana penda."

"Basi Bwana asipende, na majani yafe."

Alitazama mlima, ulikuwa umefunguka kidogo. Akasema, "Sadoki, wewe kwenda na jembe." Sadoki akaniangalia kama mtu aliyehukumiwa. Mzee Aminieli atafurahi. Shamba la Bwana Mluzi litakwangua tope la Wameru kila mwaka, kwa sababu ya gugu.

Jumapili, 11 Julai

Nimeaga. Mama Tabitha amenipa ndizi za safari na mkungu mdogo wa Zipora. Ndani ya kopo la jamu nimetia tope na kipande cha zulia, kifuniko nimekitoboa. Sijui kama Iramba kuna maji ya kulifaa. Nitatazama meno ya watoto wa kule nijue.

Melkizedeki alinisindikiza mpaka barabarani. "Na jina?" akauliza. "Umepigana sana, hata hujaandika ni jina gani."

Sijaliandika kwa makusudi. Daftari hili limesomwa kambi nzima, na Sadoki naye alilifungua, najua kwa alama ya samli. Jina ninalo tangu siku nilipoona mzizi wa kwanza mweupe. Hakuna atakayelisikia kabla ya mwenyewe, wala mchungaji. Nitalisema sikioni mwake kwanza, ndipo mlangoni mwa kanisa.

Lori linaondoka Arusha kesho alfajiri. Tutapita Kisongo kabla jua halijatoka. Jumanne Babati, Alhamisi Singida kama madaraja yamepona masika, na kutoka hapo, lori lisipopatikana, ninayo miguu. Zipora, Jumamosi tarehe 17 Julai, kabla ya giza, nitakuwa mlangoni. Mwambie mchungaji asimwite Mpinga. Mwambie Huyu akeshe kidogo.